Mwongozo: Kumpata mshauri elekezi wa mpango wa maji wa mji, kwa mazingira ya Unguja na Pemba

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Afisa mipango ameteuliwa katika kamati, amepewa barua ya mstari mmoja inayosema "andaa utaratibu wa kumpata mshauri elekezi wa mpango wa muda mrefu wa maji", na hajui aanzie wapi. Hadidu za rejea (maelezo ya kazi anayopewa mshauri) zinaandikwaje? Tuchukue kampuni ya hapa au ya nje? Miezi sita inatosha? Kwa nini mpango uliopita umekaa kabatini?

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe uliyepewa barua hiyo, uwe upo Mjini, Chake Chake, Wete au Mkoani. Msomi wa ununuzi ataona nimeruka mambo mengi, nami sikukusudia kumfundisha yeye. Nimekaa zaidi pale ambapo kazi huwa inaharibika, na aghalabu inaharibika kabla hata tangazo halijatoka.

Kabla hujaanza, hakikisha unavyo hivi

Kwanza, mwenye kazi anayejulikana. Huduma ya maji Zanzibar iko chini ya Mamlaka ya Maji (ZAWA), iliyoundwa kwa Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006. Bei ya maji inasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati (ZURA). Lakini mitaa, vibali vya ujenzi na mitaro iko mikononi mwa manispaa na mabaraza ya miji. Kwa hiyo hata kama fikra imetoka barazani, maliza suala la nani anasaini mkataba na nani anakaa kwenye kamati ya usimamizi, kwa barua, kabla ya kitu kingine chochote. Mshauri akikuta wakubwa wawili, atamtii anayelipa na atamsahau mwenye mitaa.

Pili, fungu la fedha lililothibitishwa kwa maandishi. "Ahadi ya mfadhili" si fungu.

Tatu, mtu mmoja wa kusimamia kazi hii kila siku. Asiwe mkurugenzi mwenye vikao vitano. Awe mhandisi au mpimaji wa maji ambaye simu yake inapokelewa.

Nne, mtu wa kitengo cha ununuzi tangu siku ya mwanzo. Viwango vya fedha, siku za tangazo na fomu hubadilika, naye ndiye anayejua kanuni za sasa za Mamlaka ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma na jinsi ya kuingiza zabuni kwenye mfumo. Ukimwita mwishoni, atakurudisha mwanzoni.

Tano, takwimu. Hizi zina hatua yake peke yake hapa chini.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwenye karatasi moja

Kabla ya hadidu za rejea, andika ukurasa mmoja tu unaosema mji unataka kuamua nini. Si "kuboresha huduma ya maji". Hilo ni dua. Andika hivi: "Tunataka kujua maji ya mji huu hadi mwaka 2045 yatatoka wapi, kwa gharama gani, na kipi kijengwe kwanza." Ongeza maswali matatu au manne ambayo wakubwa wanabishana nayo kweli: Je, tuendelee kuchimba visima pale pale tulipozoea? Je, tusafishe maji ya bahari? Je, tuanze na mabomba yanayovuja?

Mpelekee karatasi hiyo mkurugenzi, mwenyekiti wa baraza na mtu wa fedha. Wakikubaliana, mmeshavuka sehemu ngumu. Wasipokubaliana, ni nafuu wagombane sasa kuliko kugombana mbele ya mshauri anayelipwa kwa mwezi.

Hatua ya 2: Kusanya takwimu zako kabla ya kununua za mwingine

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Mshauri akifika na kukuta hakuna kitu, atatumia robo ya fedha yako kukusanya yale yaliyomo kwenye madaftari ya ofisi yako mwenyewe. Kisha atakuuzia.

Anza na visima. Kwa kila kisima unataka: mahali kilipo kwa alama za GPS, kina, mwaka kilipochimbwa, ukubwa wa pampu, saa inazofanya kazi, na maji inayotoa kwa saa. Nenda kwenye kila nyumba ya pampu ukaangalie daftari la mwendesha mashine. Mara nyingi utakuta safu tatu: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, na sababu. Kwenye safu ya sababu neno "umeme" limeandikwa hadi mwandishi amechoka, akaanza kuweka alama za mkwaju tu. Usilidharau daftari hilo. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa. Linakuonesha saa halisi za uzalishaji, kitu ambacho kibao cha pampu hakikwambii.

Pima chumvi. Kifaa cha kupima upitishaji umeme wa maji (chumvi ikizidi, maji yanapitisha umeme zaidi) kinashikika mkononi, na kipimo kimoja hakifiki dakika tano. Pima kila kisima mara mbili kwa uchache: mwishoni mwa kiangazi, kabla masika haijaanza, na tena mvua zikishakatika mwezi wa sita. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ina maana kubwa kuliko kipimo chenyewe.

Sababu ya kuhangaika na chumvi ni hii. Hatuna mto wa kutegemea. Sehemu kubwa ya Unguja ni jiwe la chokaa lenye matundu, na maji matamu yamekaa chini ya ardhi juu ya maji ya bahari. Kwa hesabu inayotumika kote duniani, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Ukivuta kwa nguvu ukashusha uso wa maji kwa nusu mita, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20. Tena haihitaji nyingi: maji ya bahari yana takriban miligramu 19,000 za kloraidi (sehemu ya chumvi) kwa lita, na ulimi unaanza kulalamika kwenye 250. Sehemu mbili tu za bahari katika mia zinatosha kuharibu kisima. Pemba ina vilima, udongo mzito zaidi na mvua nyingi zaidi, lakini visima vya ukanda wa pwani navyo havisalimiki.

Pima na naitreti, uchafu unaotoka hasa vyooni. Nyumba zimejengwa hadi kwenye mipaka ya visima, vyoo ni vya shimo, na jiwe letu halichuji. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita.

Kisha watu. Sensa ya 2022 inaonesha Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 893,169. Mwaka 2012 walikuwa 593,678. Chukua takwimu za shehia kutoka Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, usitosheke na za wilaya, kwa sababu bomba linapita kwenye shehia. Kwa maeneo yaliyojaa baada ya sensa, omba picha za droni za Kamisheni ya Ardhi: mradi ulioanza 2016 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ulipiga picha visiwa vyote viwili, na mapaa yanahesabika. Linganisha mapaa ya wakati ule na ya sasa, utaona mji unaelekea wapi.

Mwisho, mabomba. Ramani ikikosekana, usijaribu kuichora upya. Mkalishe fundi mzee wa mtandao wa mabomba na karatasi kubwa, akuoneshe vali zilipo. Rikodi sauti yake. Akistaafu, ramani yote imeondoka naye.

*Onyo:* Usisubiri takwimu zikamilike. Zipange kwenye folda moja, andika ni zipi zipo na zipi hazipo, endelea. Orodha ya visivyokuwepo ni mali: mshauri mzuri ataipangia bei, mshauri mbovu atashituka.

Hatua ya 3: Unda kamati mbili, ndogo

Ya kwanza ni ya usimamizi: ZAWA, manispaa au baraza la mji, wizara, ZURA, mamlaka ya mazingira (ZEMA), shirika la umeme, na mtu wa utalii. Mtu wa umeme si wa mapambo. Waliokuwepo mwaka 2008 umeme ulipokatika Unguja mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka foleni za madumu. Maji yetu yanapanda kwa pampu. Pampu ikinyamaza, mfereji unanyamaza.

Ya pili ni ya ufundi, watu watatu hadi watano, watakaosoma kila ripoti. Mtu asiyesoma ripoti asiwemo, hata awe na cheo gani.

Waingize masheha mapema, ila si kwenye kamati. Kazi yao itaanza wapimaji watakapoingia mitaani.

Hatua ya 4: Andika hadidu za rejea

Ukiwa na nguvu ya hatua moja tu, itumie hapa. Mshauri atafanya ulichoandika, na usichokiandika atakuomba mkataba wa nyongeza.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kunakili hadidu za mji wa bara. Nimeziona hadidu za kisiwa zinazomtaka mshauri "apitie mabwawa na vidakio vya mito". Kampuni makini ikisoma hivyo inajua mwandishi hakusoma alichotuma, na bei inapanda.

Haya yaandike waziwazi:

*Eneo na muda.* Taja shehia kwa majina. Taja mwaka wa mwisho, na vituo vya kati: miaka 5, 10, 20. Mpango usio na kituo cha miaka 5 hauna la kuanza kesho asubuhi.

*Makisio matatu ya watu, si moja.* Hii inaokoa fedha nyingi. Mjini Magharibi ikikua hadi 2042 kama ilivyokua kati ya sensa mbili zilizopita, itakuwa na watu karibu milioni 2.02. Ukuaji ukishuka hadi asilimia 3 kwa mwaka, watakuwa milioni 1.61. Tofauti ni watu laki nne. Kwa lita 100 kwa mtu kwa siku, hiyo ni lita milioni 40 kila siku, yaani mradi mzima wa visima na matangi ambao ama utahitajika ama utakaa bure. Mtake mshauri aseme ni dalili gani zitakazokuonesha, kila baada ya miaka mitano, mji unafuata kisio lipi.

*Mahitaji yasiyo ya majumbani.* Hoteli, skuli, hospitali, bandari, viwanda vya barafu. Mwambie apime pia siku za kilele. Mwezi wa Ramadhani saa za kufungua mfereji zinahama: alasiri kuelekea futari, na usiku wa daku. Tangi lililokadiriwa kwa siku ya kawaida linakauka magharibi.

*Upotevu wa maji.* Mtake atenganishe maji yanayovuja ardhini na yale yanayotumika bila kulipiwa, maana dawa zake ni tofauti. Njia ya kawaida ni kupima mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Ila angalia: kwenye mtaa wa mgao kipimo hicho hakina maana, kwa sababu usiku ndipo watu wanapojaza matangi. Andika kwamba maeneo ya majaribio yapewe maji mfululizo kwa siku kadhaa kabla ya kupima. Hadidu nyingi hazina sentensi hiyo.

*Vyanzo vyote vilinganishwe kwa kipimo kimoja.* Kuziba uvujaji, visima vipya, kuhamisha visima kutoka pwani kwenda ndani, kuvuna mvua, kurudisha maji ardhini, kusafisha maji ya bahari. Hata bomba la kutoka bara, ambalo kila baraza la kahawa lina mtetezi wake: lipigiwe hesabu mara moja, watu wapumzike. Kipimo kiwe gharama ya kila lita elfu kwa maisha yote ya mtambo, umeme ukiwemo. Kusafisha maji ya bahari kunakula takriban uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila lita elfu. Mtambo wa lita milioni 10 kwa siku unahitaji basi uniti 30,000 hadi 40,000 kila siku, bado hujalipa vichujio, wala hujasema maji machungu ya chumvi yanayobaki yatamwagwa wapi bila kuua matumbawe.

*Ulinzi wa vyanzo.* Chemchem ya Bububu ilileta maji Mji Mkongwe tangu enzi za Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Msitu wa Masingini bado unalinda maji ya mji. Mtake mshauri achore mipaka ya ulinzi kwenye ramani, kwa vipimo ambavyo ofisi ya vibali vya ujenzi inaweza kuvitumia, si kwa maneno "uhifadhi uimarishwe".

*Fedha na bei.* Kwa miaka mingi maji hapa yalikuwa bure, na watu wengi bado wanayaona hivyo. Mpango unaodhani kila nyumba italipa bili kamili kuanzia mwaka wa kwanza ni hadithi. Mtake aoneshe mpango unasimama vipi ikiwa nusu tu ya bili zinalipwa.

*Anachokuachia.* Modeli ya mtandao (mfano wa mabomba kwenye kompyuta), majedwali ya hesabu yenye fomula zilizo wazi, ramani za kompyuta, takwimu ghafi za vipimo vyote. Viwe mali ya taasisi. Ripoti kuu iwe na muhtasari wa Kiswahili usiozidi kurasa 20, ambao diwani na sheha wanaweza kuusoma. Mafunzo kwa wataalamu wako wawili angalau, wakae na timu yake wakati wa kazi, si semina ya siku mbili mwishoni.

*Mgongano wa maslahi.* Andika kwamba kampuni itakayopanga haitauza pampu, mabomba wala mitambo itakayopendekeza. Mwenye duka la mitambo ya kuondoa chumvi atakuonesha kwamba dawa ni mitambo ya kuondoa chumvi.

Hadidu nzuri hazipungui kurasa 10, wala hazina haja ya kupita 25.

Hatua ya 5: Kadiria muda na gharama

Usianze na "tuna milioni kadhaa". Anza na watu: kiongozi wa timu, mtaalamu wa maji ya ardhini, mhandisi wa mtandao, mchumi, mtu wa mazingira, mtu wa jamii. Andika kila mmoja miezi mingapi, uwandani na ofisini. Zidisha kwa viwango vya soko, ongeza safari, boti, vipimo vya maabara na kodi. Hilo ndilo kadirio lako, nalo ni siri ya taasisi hadi bahasha zifunguliwe, isipokuwa taratibu zenyewe zikiruhusu kutangaza bajeti.

Kuhusu muda: miezi sita haitoshi, kwa sababu haipiti kiangazi na masika. Kazi ya maji ya ardhini inataka misimu yote miwili, basi panga miezi 12 hadi 15. Pemba, usiweke utafiti wa majumbani katikati ya msimu wa karafuu. Utabisha hodi nyumba nzima iko shamba.

Hatua ya 6: Tangaza na upate orodha fupi

Kwa kawaida unaanza na tangazo la kuonesha nia, halafu kampuni tano au sita zinaalikwa kuleta maandiko, yaani mapendekezo yao ya kazi na bei. Katika kuchuja angalia mambo mawili: je, wamewahi kupanga maji ya kisiwa au mji wa pwani wenye tatizo la chumvi, na je, mpango waliouandika ulijengwa? Wapigie simu wateja wao wa zamani. Dakika kumi za simu zinasema zaidi ya kurasa mia za wasifu wa kampuni.

Ya hapa au ya nje? Mimi napendelea ubia, kwa sharti kwamba kampuni ya hapa imepewa kazi yenye jina na miezi yenye malipo. Vinginevyo inawekwa kwa ajili ya bendera, na kazi yake inaishia kukodi magari.

Hatua ya 7: Pima kwa ubora na bei, na uweke uzito mapema

Bahasha ni mbili: ya ufundi na ya fedha. Ya fedha haifunguliwi mpaka alama za ufundi zimesainiwa. Bei ya chini kabisa inapewa 100, nyingine zinapungua kwa uwiano. Uzito ndio unaoamua nani anashinda, na wengi hawalioni hilo mpaka wamechelewa. Tazama mfano huu wa kubuni:

Kampuni ya kwanza ina alama 88 za ufundi na bei ya shilingi milioni 420. Ya pili ina alama 79 na bei ya milioni 300. Alama za bei: ya pili 100, ya kwanza 71.4.

Kwa uzito wa 80 kwa 20, yaani 80 za ufundi na 20 za bei: ya kwanza inapata 70.4 na 14.3, jumla 84.7. Ya pili inapata 63.2 na 20, jumla 83.2. Ya kwanza imeshinda.

Kwa uzito wa 70 kwa 30: ya kwanza 61.6 na 21.4, jumla 83.0. Ya pili 55.3 na 30, jumla 85.3. Ya pili imeshinda.

Maandiko ni yale yale, mshindi kageuka. Kwa hiyo uzito uandikwe kwenye nyaraka za zabuni, pamoja na alama ya chini ya kuvuka ufundi, na usiguswe tena. Kwa kazi ya kupanga miaka ishirini mimi nasimama kwenye 80 kwa 20. Gharama ya mshauri ni ndogo mno mbele ya gharama ya kujenga. Mkopo wa India wa kukarabati maji Zanzibar peke yake ulikuwa dola milioni 92.18, mpango mbovu ukipotosha hata sehemu ndogo ya fedha za namna hiyo, milioni 120 ulizookoa kwenye bahasha zimekwisha.

*Onyo:* Alama nyingi ziwe za wataalamu watakaofanya kazi, si za kampuni. Wahoji, hata kwa video. Muulize mtaalamu wa maji ya ardhini: "Ukikuta kisima chumvi imepanda maradufu mwezi wa tatu, utafanya nini kwanza?" Aliyewahi kuikuta hali hiyo atakuuliza pampu inafanya kazi saa ngapi na kisima kina kina gani. Ambaye hajawahi ataanza kukueleza mabadiliko ya tabianchi.

Hatua ya 8: Majadiliano na mkataba

Majadiliano ni ya mpango wa kazi, watu na tarehe. Funga malipo kwenye ripoti zilizokubaliwa, si zilizowasilishwa. Mgawanyo unaofanya kazi: asilimia 10 ripoti ya awali, 20 ripoti ya hali halisi, 25 mahitaji na vyanzo, 25 rasimu ya mpango, 20 mpango wa mwisho pamoja na mafaili yote. Hiyo 20 ya mwisho ndiyo kamba yako. Ukibakisha 5, mafaili utayaomba mpaka uchoke.

Weka na muda wako: siku 14 au 21 za kutoa maoni kwa kila ripoti. Taasisi ikichelewa, mshauri ana haki ya kudai. Mkataba upite kwa mwanasheria wa taasisi, na pale sheria inapotaka, kwa Mwanasheria Mkuu.

Hatua ya 9: Simamia

Kikao kila wiki mbili, kifupi. Mtu wako aende uwandani nao, siku ya kupima visima hasa. Kabla ya wapimaji kuingia shehia, sheha awe na barua mkononi na tarehe. Watu wanaopima ardhi bila taarifa, Unguja au Pemba, wanaonekana wamekuja kuchukua mashamba, na siku yenu imekwisha hapo.

Ripoti ya hali halisi ikifika, fanya jaribio moja: chagua visima vitatu unavyovijua, uangalie wameandika nini. Vikikosewa vitatu hivyo, rudisha ripoti nzima.

Mambo yakienda mrama

*Hakuna kampuni iliyojitokeza, au imekuja moja.* Mara nyingi masharti ni makali kupita kiasi, kama vile kutaka miradi kumi inayofanana, au muda wa tangazo ni mfupi. Legeza masharti, si hadidu, utangaze tena.

*Bei zote zimezidi bajeti.* Usikate miezi ya mtaalamu wa maji ya ardhini. Punguza eneo, au gawa kazi: vyanzo na mahitaji kwanza, usanifu wa awali baadaye.

*Kiongozi wa timu aliyeshinda zabuni hajaonekana, amekuja kijana.* Mkataba uruhusu kubadilisha mtu kwa ridhaa yako tu, kwa mwenye sifa sawa au zaidi, bila nyongeza ya malipo. Barua ya kukataa itoke wiki hiyo hiyo. Ukikaa kimya mwezi, umekubali.

*Rasimu imejaa maneno, haina namba.* Rudi kwenye karatasi yako ya Hatua ya 1. Mwandikie: ukurasa gani unajibu swali la kwanza? Wa pili? Usifanye masahihisho ya sarufi kwenye rasimu isiyojibu swali, utampa kisingizio cha kukurudishia ile ile ikiwa imesafishwa.

*Mshauri anasema takwimu hazitoshi.* Ndiyo maana ulimpa orodha ya visivyokuwepo kabla hajapanga bei. Mkumbushe kwa tarehe.

*Serikali imebadilisha vipaumbele katikati ya kazi.* Omba mabadiliko kwa maandishi na bei yake. Usikubali "tutaelewana".

*Mpango umekamilika, fedha za kujenga hazipo.* Hili ndilo la kawaida. Mtake, kabla ya malipo ya mwisho, avunje miaka mitano ya kwanza kuwa vifurushi vidogo, kila kimoja na gharama, michoro ya awali na sababu yake kwenye kurasa mbili: dira za maji kwenye visima vyote, vali za kutenganisha mitaa, kuhamisha pampu mbili tatu zilizoanza kutoa chumvi. Kimoja kiingie kwenye bajeti ya mwaka unaofuata kwa fedha zenu wenyewe. Vilivyobaki viwe kwenye folda siku mfadhili atakapouliza mna nini mkononi.